Kilo Ishirini na Nane za Herieth

Kila asubuhi Herieth aliteka maji mara tatu, akafagia uwanja, akawasha moto, ndipo akavaa sare na kukimbilia shuleni, hapo Heru Juu. Alikuwa kidato cha nne. Ikifika hesabu, kipindi cha pili, macho yalibaki ubaoni na akili ilikuwa imeshalala.

Jumanne moja alifika na uchovu wake kichwani, umefungwa kwenye kitenge kilichopauka. Mzigo mzito wa kichwani hutuliwa na wawili, kwa hiyo alisimama mlangoni pa jiko la shule akasubiri. Mama Zena, mpishi, aliacha mwiko.

"Njoo nikutue, mwanangu."

"Ahsante, mama."

Wakauweka karibu na kuni. Siku hiyo Herieth alielewa hesabu zote za logi, hata zile ambazo mwalimu mwenyewe huzipitia harakaharaka. Ikawa hivyo kila siku. Jioni Mama Zena alimtwika tena, maana shule haina stoo ya vitu kama hivyo.

Mwalimu Nickson wa hesabu, mtu asiyeamini kitu mpaka akipime, aliuweka kwenye mizani ya maharage. Kilo ishirini na nane. Akapima na wa Godson, pacha wake Herieth. Nusu kilo, na huo aliupata kwenye mpira. Akamwandikia barua baba yao, Mzee Pasikali.

Mzee aliisoma mara mbili.

"Mizani ya shule haikosei," alisema. "Namshukuru mwalimu anavyowajali watoto."

Akaikunja, akaihifadhi ndani ya Biblia. Kesho yake kulikuwa na nguo za kufua, Herieth akateka mara nne.

Matokeo yalipotoka, Herieth alikuwa na B ya hesabu. Mzee Pasikali alifurahi kwelikweli, hilo tusimnyime. Alichinja jogoo, akaalika majirani na walimu, na Godson akawasomea wageni matokeo ya dada yake kwenye simu. Kisha Mzee akamwambia binti yake kwamba wageni hawana maji.

Alikwenda mara tatu. Kila aliporudi alimkuta Mama Zena amesimama langoni kwenye nguo zake za sherehe, mikono tayari, na ndoo ikashuka bila kumwaga tone. Herieth alimshukuru mara zote tatu. Alijua kwamba bila mikono ile asingefika popote, na moyo wake ulijaa.

Godson akaomba kikombe cha maji.