Subira na Mguu wa Mzee

Pikapu ile ilikuwa na umri mkubwa kuliko Mama Miche mwenyewe. Nyumbani iliitwa Subira, kwa sababu ukikanyaga breki zake ilibidi usubiri. Ulikanyaga hapa, ukamsalimia jirani, ukaulizia hali ya wanawe mmoja mmoja, ndipo Subira ianze kufikiria kusimama. Mwezi uliopita haikufikiria kabisa. Ilishuka kinjia cha uani ikalibusu lango la bati, na mpaka leo lango lilikuwa na alama ya bampa, pana na nyekundu, kama shavu la bwana harusi.

"Subira huvuta heri," mama yake Mama Miche alisema siku hiyo, akiokota bawaba mchangani. "Hii ya kwetu imevuta lango."

Mwanzoni mwa wiki hii ndipo baba yake, mwenye pikapu na dereva wa basi aliyestaafu, alipotoa hukumu yake. "Mkwe wangu aibadilishe breki. Jumamosi saa sita nitaishusha mwenyewe. Ikisimama kabla ya lango, binti yangu achukue, iwe yake. Isiposimama, iende kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, ipimwe kilo."

Mama Miche hakulala vizuri wiki nzima. Jina lake lilitokana na miche ya nyanya na pilipili hoho aliyoiotesha kwenye pakiti tupu za maziwa, mia tatu kwa mpigo. Kila siku ya soko aliisukuma kwa toroli, mtoto mgongoni, na nusu ya miche ilifika imelala kama abiria wa safari ndefu. Ndani ya kichwa chake Subira ilikwisha kuwa na rafu mbili za mbao nyuma, na miche imesimama wima, inapunga upepo.

Mumewe, fundi wa pikipiki, alikesha na kazi hiyo siku tatu. Aling'oa breki za zamani za mbele, akafunga za diski alizozitoa kwenye pikapu nyingine, mdogo wake Subira. Akaweka mipira mipya, na silinda mpya ya kusukuma oili. Jumamosi asubuhi ilibaki kazi moja tu: kutoa upepo.

"Ndani ya mabomba inatakiwa oili tupu," alimweleza mkewe. "Likibaki povu, hata la kuogea sisimizi, mguu unabonyeza povu badala ya breki. Pedali inakuwa godoro."

Kazi yenyewe ni ya watu wawili na maneno matatu. Wa juu anakanyaga, anashikilia. Wa chini anafungua kiskrubu kwenye gurudumu, upepo unatoka kwa mpira mwembamba hadi kwenye chupa, anakifunga. Wa juu anaachia. Mguu ukiachia kabla kiskrubu hakijafungwa, upepo unarudi ndani na kazi inaanza upya.

"Mimi nitakanyaga," Mama Miche alisema.

"Ufunguo bado sijakukabidhi," baba yake alijibu, akipanda. "Kiti changu, mguu wangu."

Basi hapo ndipo mambo yalipoharibika. Fundi alilelewa kwenye nyumba ambayo baba mkwe haamrishwi, hata kama amekalia siafu. Akiwa chali chini ya gari, kando ya gurudumu la nyuma, alikohoa kidogo.

"Baba, samahani kwa usumbufu. Kama mguu haujachoka, ningeomba, kwa hisani yako, ukanyage."

Mzee naye alikuwa mtu wa adabu zake. Hakuwa na tabia ya kumjibu mkwe kwa kisogo. Alitoa kichwa dirishani, kikafuatwa na mabega, kikafuatwa na nusu ya tumbo. "Bila shaka, mkwe wangu! Nimekanyaga!"

Na kwa kuwa mwili wote ulikuwa nje, mguu ulikuwa juu. *Chup!* Mpira ukanyonya upepo.

"Asante sana, Baba."

"Usijali, mwanangu!" *Chup!*

Kufikia saa nne gurudumu la kwanza lilikuwa halijaisha, na shukrani zilikwisha kutolewa mara arobaini na moja. Pedali ilikuwa laini vilevile.

Mama Miche alienda dirishani. "Baba, ukichungulia nje mguu unaachia."

"Sasa mkwe wangu aseme, mimi nimpe mgongo? Mimi ni ukuta?"

Akainama chini ya gari. "Mume wangu, mwambie tu 'kanyaga'. Neno moja."

"Nimwambie baba yako 'kanyaga'? Kama namswaga punda? Ulimi utaning'oka nikaulilie wapi?"

"Basi niambie mimi, nimfikishie."

Wakajaribu. Fundi alinong'ona, Mama Miche akakimbia hadi dirishani, mtoto akirukaruka mgongoni na kucheka peke yake. Lakini alipouona uso wa baba yake, mdomo wake nao ulimsaliti. "Baba, pole na kazi. Anasema, kama hutajali, ushikilie."

Mzee akajitokeza dirishani. "Mwambie nimeshikilia! Na yeye pole!"

*Chup!*

Saa tano na robo mnunuzi wa vyuma aliwasili, mtu wa tumbo kubwa na kicheko kikubwa zaidi. Hakusubiri kukaribishwa. Alitundika mizani yake kwenye tawi la mpera, akazipima breki zilizong'olewa, kisha akaipapasa Subira ubavuni kama mtu anayechagua mbuzi.

"Imenona hii," alisema.

Mama Miche aliitazama miche yake kibarazani. Wanaume hawa wangeheshimiana hadi gari likatwe vipande.

Kibarazani papo hapo mama yake alikuwa akichambua mchele. Bila kuinua macho kwenye ungo, alisema, "Mzee! Kofia!"

Ndani ya gari mkono wa baba ulipanda, ukainyoosha kofia iliyokuwa imekaa upande. Shingo haikugeuka. Hakuchungulia. Hakujibu hata "naam".

Mama Miche aliganda. Kisha akambeba mama yake, yeye na kigoda na ungo wake, akamweka kando ya gurudumu.

"Na mimi ni mama mkwe," mama alikumbusha. "Huyu wa chini ataniamrisha vipi?"

Fundi alitoa kichwa, uso umejaa oili na woga. Mama Miche alimrudisha chini kwa kiganja. "Hutasema kitu. Utagonga chuma. Mara moja ni kanyaga, mara mbili ni achia. Spana haina mkwe."

*Ngo!*

"Mzee, kanyaga! Shikilia hapohapo!"

Mguu ulishuka kama umetumwa na serikali.

*Ngo, ngo!*

"Achia!"

Miaka thelathini na minne ya ndoa ilikuwa ndani ya mguu ule. Magurudumu manne yakaisha kabla mchele haujaisha. Oili ikatoka safi, bila hata povu la sisimizi. Pedali ikawa ngumu kama jiwe.

Saa sita Mzee aliipandisha Subira hadi juu ya kinjia. Mnunuzi wa vyuma alisimama mbele ya lango, mikono wazi. "Ikija nitaidaka!"

Subira ikashuka. Ikapita mpera. Ikapita kamba ya nguo, ikaondoka na nepi ya mtoto kwenye kioo cha pembeni. Haikupunguza mwendo. Mzee alikaa wima, macho mbele, mtulivu kabisa, kama mtu anayesubiri.

Kusubiri nini? Mama Miche alielewa, akamgeukia mama yake.

"Mama! Mwambie!"

"Nimwambie nini?"

"Mama!"

"Ooh! MZEE, KANYAGA!"

Subira haikufikiria. Ilisimama. Vumbi liliendelea na safari, na nepi nayo, ikatua juu ya uso wa mnunuzi wa vyuma. Kati ya bampa na tumbo lake ilibaki shubiri moja. Mtoto akapiga makofi.

Fundi alikimbia dirishani. "Baba, hongera sana! Karibu ushuke."

"Nashukuru, mkwe wangu," Mzee alijibu akiwa ametazama mbele. "Lakini sijaambiwa niachie."

Wote wakamgeukia mama. Yeye alikuwa amerudi kwenye ungo, anatoa kijiwe kimoja kwa uangalifu mkubwa.

"Ufunguo kwanza, Mzee."

Injini ikanyamaza. Mkono ukatoka dirishani, polepole, ufunguo ukining'inia. Mama Miche aliupokea kwa mikono miwili, akaukumbatia kifuani.

"Haya," mama akasema, sauti imelainika. "Achia, mume wangu."

Ndipo Mzee alipotoa kichwa nje, na mabega, na nusu ya tumbo. "Asante, mke wangu!"