Dawa Namba Arobaini na Moja

Usiku wa jana niliota nikiwa na hasira, kwa sababu nililala nazo. Dada yangu Hidaya alikuwa kitanda cha pili, chumba hicho hicho. Mwaka jana walimtundikia dripu sita, uvimbe wa saratani ya titi ukasinyaa, tukapika pilau, majirani wakala wakashiba. Mwezi huu umerudi. Na mimi, Mwanakombo, ndiye fundi wa maabara inayotafuta dawa ya maradhi hayo hayo. Jana mchana, kikaoni, Daktari Mlaki, mkuu wetu, alisema dawa namba arobaini na moja imeshindwa, itupwe. Akauliza nani anaafiki. Kwetu mkuu akiuliza hivyo, watu hawafikiri, wananyoosha mikono. Nikanyoosha.

Basi niko uani, kwetu Tanga, na ua wenyewe uko ndani ya titi la dada. Sishangai. Jua linawaka, nguo zimeanikwa. Mbele yangu kuna nyumba ya kupanga, vyumba havihesabiki. Mpangaji mmoja anatoka kupiga mswaki, akirudi ndani wamekuwa wawili. Wanaamkiana, wanakuwa wanne. Kelele tupu.

Wanakuja mgambo. Wamebeba mifuko ya dripu mgongoni na virungu mkononi. Kiongozi wao anasoma karatasi: "Anayegawanyika apigwe. Asiyegawanyika asibughudhiwe."

Wanapiga. Wapangaji wanaanguka kulia na kushoto. Nywele za dada zimekaa barazani zinasuka ukili wa mkeka, hazijamkosea mtu, nazo zinapigwa.

"Sisi tunakua tu," zinasema.

"Kukua ndiko kugawanyika," anajibu mgambo. Anazing'oa zote, kisha anaziomba saini.

Wanafika chumba cha mwisho. Hapo wanavua viatu. "Hodi!"

"Karibuni, ila nimelala," anajibu mwanamke. Nachungulia mlangoni kwa pembeni, namwona: mnene, kajilaza kitanda cha kamba, kajifunika kanga mpaka kidevuni. Macho yako wazi.

"Unagawanyika, bibi?"

"Kwa usingizi huu?"

"Tuwie radhi," anasema kiongozi, anamrudishia mlango polepole. "Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe."

Napandwa na mori. "Nyie mna akili kweli? Huyo ndiye seli shina! Wote mliowaua kawazaa yeye! Mkigeuka tu anaamka anazaa wengine!"

"Dada, usitupigie kelele," anasema kiongozi. "Sisi tuna karatasi."

Nageuka nimtafute mwenye karatasi, na ua umekuwa ukumbi wetu wa vikao. Kwenye kiti cha mkuu imekaa rula, ndefu, imevaa tai. Daktari Mlaki yeye kalazwa mezani karibu na kalamu, pale inapokaa rula siku zote. Anaonekana ameridhika.

"Mgambo wameshusha uvimbe kutoka sentimita sita hadi moja," inasema rula. "Makofi."

Makofi yanaingia kwa miguu yao, yanakaa safu ya nyuma.

"Na yule aliyebaki chumbani?" nauliza.

"Mimi napima ukubwa," inasema rula. "Sijatumwa kuuliza nani kabaki. Namba arobaini na moja, simama."

Anasimama mwanamke mfupi, mwembamba, kandambili mguu mmoja, mguu wa pili mtupu. Ana adabu ya mtu aliyezoea kufukuzwa.

"Tumekuweka kwenye sahani ya maabara siku tatu. Uvimbe uko vilevile. Umeua wangapi?"

"Mmoja, mheshimiwa."

Ukumbi mzima unacheka. Daktari Mlaki anacheka akiwa mezani.

"Ni yule aliyelala mle sahanini," anasema Arobaini na Moja, hajapandisha sauti. "Mgambo hupiga hodi, mimi sipigi. Hawa wengine hawana tena wa kuwazaa. Nipeni wiki tatu, watachakaa wenyewe."

"Kanuni inasema siku tatu. Nani anaafiki atupwe?"

Nataka kupinga. Wallahi nataka. Lakini mkono wangu wa kulia uko juu tangu jana. Nauvuta kwa mkono wa kushoto, hauji. Nauning'inia, hauji.

"Shuka!" nauambia. "Shuka, we mkono mwana kulaaniwa!"

"Nimeshaingia kwenye muhtasari," unajibu mkono. "Siwezi kushuka bila kikao kingine."

Wanamchukua Arobaini na Moja, wanamtia kwenye ndoo ya taka. Anashika ukingo wa ndoo, anawashukuru kwa ushirikiano. Hapo ndipo ninapochafuka hasa. Kulaani, nalaani. Kutukana, natukana mpaka makofi yanatoka nje kwa aibu. Naikamata rula kwa mkono wa kushoto, naivunja gotini.

"Kumi na tano," inasema, "na kumi na tano." Haina kinyongo hata kidogo, na hilo linanizidishia hasira.

Nambeba Arobaini na Moja kwapani. Hana uzito. Nasukuma mlango wa ukumbi, nao ni mlango wa chumba cha mwisho. Sipigi hodi.

Mwanamke wa kitandani anatuona, anajivuta ukutani. "Huyo si mlimtupa?"

"Amka," anasema Arobaini na Moja, na kukaa ukingoni mwa kitanda.

"Mwanakombo mwanangu," analia yule mwanamke, sasa ananishika mimi, "mimi ni nyama ya dada yako. Sauti si unaisikia? Ni yake."

Kweli ni ya Hidaya, ile ya kunibembeleza nilipokuwa mdogo. "Usiitumie hiyo sauti," namwambia. "Itumie yoyote, hiyo usiitumie."

Arobaini na Moja anamtazama, kisha ananitazama mimi. "Simwezi kwa muda uliobaki. Saa mbili asubuhi ndoo inamwagwa. Ngoja nikamwombe mwenye mwili wiki zangu tatu." Anafungua dirisha, anatoka, kandambili inapiga sakafu ambayo haipo.

Nikaamka. Kumekucha. Hidaya kakaa kitandani kwake, hajajifunga kilemba, kichwa kinang'aa kwa mwanga wa dirishani.

"Mwanakombo."

"Abee, dada."

"Kuna mwanamke kanijia usingizini. Mfupi, kandambili mguu mmoja. Kaniomba wiki tatu, na adabu zake, unamhurumia. Nikamwambia mimi nakupa, mama, nani kakunyima? Akasema mdogo wangu alinyoosha mkono."

Habari ya kikao sikuwa nimemwambia mtu, yeye wala mwingine yeyote.

"Ni kweli?" akauliza.

"Kweli, dada."

Nilitaka anitukane. Hakunitukana. Alichukua kilemba, akakikunja mapajani, akakikunjua, akakikunja tena.

"Hata kama dawa haitaniwahi mimi," akasema, "nenda ukaushushe huo mkono."