Paa la Penseli

Kila Jumatatu kabla ya chai, Bi Makisio alibandika nyuma ya mlango chati ya matumizi ya mradi wa wodi ya wazazi, na kila Jumatatu Mkurugenzi aliitazama huku akijikuna kitambi.

"Mbona mstari umepanda hivi?"

"Kwa sababu paa tumeliweka mwisho, bosi. Pesa zake tulijengea kwanza geti, bustani na ofisi yako."

"Uinamishe. Wafadhili wakiona umevuka ule mwekundu wa kikomo, tumekwisha."

Bi Makisio akachukua ufutio, akauinamisha. Moyo ulimuuma: wifi yake alikuwa na mimba kubwa, na wodi ya kujifungulia ni hiyo hiyo. Lakini aliyekalia kuti kavu hachezi ngoma.

Baada ya chai mstari ukajinyoosha. Ukatoka kwenye karatasi, ukapanda ukutani, ukatoboa dari. Mpika chai akaanika juu yake vitambaa vya vyombo. Seremala aliitwa aupigilie msumari. Mstari ukamwinua yeye na nyundo yake mpaka kwenye feni. Akiwa huko huko akadai posho ya kufanyia kazi juu.

"Mtie adabu huyo mstari wako," Mkurugenzi alisema.

"Nimeufundisha hesabu, bosi. Adabu haikuwa kwenye bajeti."

Ijumaa wafadhili walikuja. Mstari ulikuwa umevuka barabara hadi wodini, na juu ya kuta tupu umejikunja pembe kwa pembe, ukachora paa zima kwa penseli.

"Paa lipo," mkubwa wao alisema, akatia alama ya vema.

"Lipo," Mkurugenzi akaitikia, "na hatujavuka kiwango hata kidogo."

Bi Makisio akafungua mdomo, akasikia lile kuti likilia, akaufunga.

Wifi alijifungua mtoto wa kike siku ya mvua kubwa, mkunga mmoja akizalisha, mwenzake ameshika mwavuli.

"Hongera, wifi," Bi Makisio alisema.

"Ahsante. Ila paa lenu linavuja."

Bi Makisio akatazama juu. Mstari ulikuwa pale pale, umenyooka, haujalowa.

"Halivuji, wifi. Hayo ni makisio tu. Paa lenyewe limo kwenye awamu ya pili."

Akamfunika mtoto kwa koti lake, wakaondoka taratibu kuelekea ofisi ya Mkurugenzi, mahali pakavu. Getini mlinzi akawauliza kama mtoto ana miadi.