Katuni za Kuchomwa Jumapili

Murielle, msusi wangu Mkongo wa mtaa wa Braamfontein, alikuwa amenisuka nusu kichwa aliponieleza kwamba ana boksi la vitabu vya mashetani, anakwenda kulichoma kanisani. Mteja mmoja mzee alimwachia alipohama. Akanionyesha kimoja. Kwenye jalada, maiti inatoka kaburini na bado imefunga tai.

Niliruka kutoka kitini na kitana kichwani. Ilikuwa katuni ya kutisha ya Marekani, ya mwaka 1952! Ninafundisha historia ya katuni hizo chuoni: jinsi zilivyoshamiri baada ya Vita vya Pili vya Dunia, watoto wakazigombania kwa senti kumi, wakubwa wakaingiwa na hofu, nyingine zikatiwa moto hadharani. Miaka yote nimezifundisha kwa picha za kompyuta. Sijawahi kugusa hata moja.

"Nipe mimi," nikasema.

"Hapana, Dada Jelimo. Nilishaahidi Pasta. Lakini kanisani kwetu hatuchomake kitu bila kusema mbele ya watu ni kitu gani, na mimi Kingereza ya kusoma sina. Uje utusomee."

Jumapili nilikwenda. Baada ya ibada, uani, pipa lilikuwa limejaa kuni na Pasta Théodore ameshika kiberiti. Nilichagua hadithi kwa makusudi, nikawa natafsiri nikisoma. Fundi majeneza anamdhulumu mjane, anamzika mumewe katika mbao zilizooza. Siku ya tatu marehemu anaingia dukani, anaagiza jeneza jipya, na anashikilia kwamba fundi mwenyewe alale ndani kwanza, kulijaribu.

"Aingie," alisema Mama Agnès wa kwaya, akaweka chini chupa ya mafuta ya taa. "Aingie, mwizi ule."

Hapo nikafunga kitabu. "Basi, mnaweza kuchoma."

Hakuna aliyesogea. Pasta akakohoa. "Na ule fundi, aliingia?"

"Iko kwenye ukurasa wa mwisho, Pasta."

"Soma."

Fundi aliingia, kifuniko kikapigwa misumari, na waumini wakashangilia kama wamefunga goli. Pasta alitia kiberiti mfukoni.

"Bado vitabu ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Boksi inabaki chini ya kiti yangu. Utakuwa unasoma moja kila Jumapili."

Nilitaka kumkumbatia. Mama yangu kule Eldoret amenisihi miaka sita nirudi kanisani. Jioni nilimpigia, nikamwambia nimepata kanisa na sitakosa hata Jumapili moja. Alilia kwa furaha. Habari ya maiti sikumwambia.