Sikio la Kuume

Numbi alikuwa mtu wa kutengeneza vitu vilivyokwisha kutengenezwa. Hiyo ndiyo ilikuwa kasoro yake, na naitaja mapema ili mtu asije akasema nimemficha. Ukimpelekea kiti kilichovunjika mguu, ataurudishia mguu, kisha atakipiga msasa, kisha atakipaka rangi, na wewe mwenye kiti siku zote hizo unakula umesimama.

Alikuwa karani wa bohari huko Kolwezi, kwenye machimbo ya shaba ya Mashamba, mtu wa miaka thelathini na sita, mrefu, hana mke. Watu wa Manika, mtaa wake, walimtania kwamba ameoa gitaa na bado wakwe wanamkatalia. Chakula cha Jumapili alikula kwa Ngeleka, nyumba ya tatu kutoka kwake, na katika mji mzima hakuwa na mlango mwingine wa kuingia bila kubisha. Mke wa Ngeleka, Mushiya, alimtengea sahani hata asipoulizwa kama atakuja.

Ngeleka alikuwa fundi umeme. Babu yake aliletwa kutoka jimbo la Kasai kuchimba shaba, lakini yeye Kasai aliijua kwa hadithi tu. Alizaliwa Kolwezi, akabatizwa Kolwezi, akaoa Kolwezi, na wimbo wake wa kwanza aliutunga kwa Kiswahili cha hapohapo.

Mwaka wa tisini na moja, mhandisi mmoja Mbelgiji alipokuwa akifunga mizigo arudi kwao, aliwapa hao wawili, waliokuwa wakipiga muziki pamoja, mashine ndogo ya kurekodi kwenye kaseti. Ilikuwa na njia nne, kila sauti na njia yake. Mezani palikuwa na casque mbili, zile za kuvaa kichwani, kikombe kimoja kwa kila sikio. Akawaambia wachague moja.

Numbi aliidaka ile mpya, nyepesi, yenye sifongo ya rangi ya machungwa. Muziki ulikuwa mtamu ndani yake, akafumba macho. Ngeleka hakuwa na haraka. Alivaa ya kwanza, akavaa ya pili, wimbo uleule, mara tatu tatu. Kisha akachukua ile ya zamani, nyeusi, nzito, iliyofunika masikio yote.

"Ile inatudanganya," alisema. "Inatia sukari mu kila kintu. Hii inasema kweli, hata kama kweli iko mubaya. Na tena ile iko wazi. Tukiimba, sauti itatoka mu casque, itaingia mu micro, tutarekodi fujo."

Numbi alinuna njia nzima. Lakini fundi alikuwa amesema kweli.

Sheria za kuitunza alizitoa Ngeleka. Usivute waya, shika kichwa cha plagi. Usiuzungushe waya kwa kuubana. Ukimaliza, futa jasho kwa kitambaa kikavu, maana jasho hula ngozi. Ilale ndani ya foronya, kwa sababu vumbi la Kolwezi halina adabu. Numbi alizishika sheria hizo kuliko amri za Mungu.

Basi casque moja, vichwa viwili. Walikaa kwenye benchi katika chumba cha nyuma kwa Ngeleka, shavu kwa shavu, kila mmoja na kikombe chake, Numbi sikio la kushoto, Ngeleka sikio la kuume. Mushiya akipita mlangoni alicheka, akawauliza harusi ni lini. Gitaa na sauti ya Numbi vilipangwa kushoto. Kuume alijaza Ngeleka mwenyewe, mara nyingi siku ambazo Numbi yuko kazini. Kwa hiyo Numbi hakuwahi kusikia upande wa kuume. Hata redio-kaseti yake ya nyumbani ilikuwa na spika ya kuume iliyokufa, na yeye, fundi wa vitu vya watu, hakuwa amepata siku ya kuitengeneza. Wala hakuona hasara, kwani kushoto ndiko alikokuwa yeye.

Kisha mambo yakaharibika. Mishahara ikachelewa, halafu ikasahauliwa, mitambo ikasimama mmoja baada ya mwingine. Njaa ikishaingia mjini hutafutiwa mtu wa kulaumiwa, na waliopatikana ni watu wa Kasai. Wakaitwa bilulu, yaani wadudu. Vijana wakaanza kupita nyumba kwa nyumba, wakiwapa watu saa moja ya kutoka. Jirani akapoteza macho yake na masikio yake, akabaki na pazia tu.

Jumamosi moja ya Machi, mwaka wa tisini na tatu, Numbi alisimama ghafla kutoka kwenye benchi, akasahau kwamba ana casque kichwani. Waya ukakatika karibu na plagi. Akaona haya, akaichukua kwenda kuitengeneza kwake.

Jumanne vijana wakafika kwa Ngeleka. Ilikuwa mchana kweupe, jua linawaka, na Numbi alikuwa nyumbani. Kutoka nyuma ya pazia aliona kila kitu: Mushiya akitoka na sufuria yenye chakula ambacho hakijaiva, watoto wawili wamevaa nguo mbili mbili, Ngeleka amebeba ile mashine imefungwa ndani ya blanketi. Alipofika mbele ya nyumba ya Numbi, Ngeleka alipunguza mwendo. Alitazama dirisha. Pazia likatikisika, na aliyelitikisa ni Numbi, kwa kurudi nyuma.

Hivyo ndivyo walivyoagana.

Watu wote wa Kasai walikimbilia ku gare, kituo cha treni, wakalala juu ya mizigo yao wakingojea treni ya kwenda kwa mababu wasiowajua. Treni haikuwa na siku. Ingeweza kuja kesho, ingeweza kuja mwezi ujao. Mama Adolphine, mjane wa mtaa uleule, alikwenda huko kila siku kuwauzia bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, na siku ya nne alipita kwa Numbi na beseni lake.

"Ngeleka anasema umupelekee casque yake."

Moyo wa Numbi uliruka, kwa furaha na kwa hofu pamoja. "Haiyapona," alisema. "Waya umekatika. Mama, nikimaliza si utamubebea?"

"Nilimwambia nitabeba. Akakatala. Anasema ulete weye mwenyewe."

Numbi akafanya kazi. Alipasha msumari kwenye makaa, akayeyusha risasi ya redio kuukuu, akaunganisha waya mwembamba kuliko unywele. Siku mbili. Ulipokamata, angeweza kuondoka palepale. Lakini alipoigeuza aliona ngozi ya vikombe imepasuka. Atampelekeaje mtu kitu kilichopasuka?

Akakata kitambaa cha ndani cha koti lake la Jumapili, akashona. Mshono wa kwanza haukumpendeza, akaufumua. Mama Adolphine alipita tena.

"Eko anakuuliza."

"Kesho kutwa, mama. Nashona masikio."

"Numbi, mwanangu, bantu banakufa kule na kuhara. Weye unashona masikio?"

Numbi akatia uzi kwenye sindano. Tuseme ukweli, kwa kuwa yeye hakuusema: aliogopa. Vijana walikuwa wameweka kizuizi kwenye njia ya gare, na ilisemwa kwamba anayewasaidia bilulu atapanda treni pamoja nao. Lakini hofu hiyo ilikuwa ndogo. Kubwa ilikuwa lile pazia. Atamtazamaje mtu aliyeliona likitikisika? Kila sindano aliyochoma ilimnunulia saa moja ya kutotazamwa. Ngoja ngoja huumiza matumbo, naye akaendelea kushona.

Usiku alikula peke yake, na Jumapili akala peke yake, akiisikia nyumba ya tatu ikikaa kimya. Mara moja alijikuta ameshika njia ya kwenda huko na sahani yake mkononi. Mlangoni palikuwa na kufuli geni.

Siku ya kumi na tisa, saa tatu asubuhi, hakikubaki kitu cha kutengeneza. Waya ulikuwa mzima, masikio mapya, upinde umefutwa hadi unang'aa. Ikabaki kuijaribu tu. Akachomeka casque kwenye redio-kaseti, akatia wimbo wao wa mwisho, akaivaa. Masikio yote mawili, kwa mara ya kwanza.

Kushoto alijisikia mwenyewe, kama kawaida. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Kwenye ubeti wa pili palikuwa na mahali pake pabaya, mahali ambapo kila mara vidole vilimpotea na pigo likamtoroka. Siku zote alijua pale panayumba kidogo, akajiambia hakuna anayesikia.

Kuume, palepale, akasikia kidole gumba kikigonga ubao wa gitaa. Ko. Ko. Ko. Kilikuwa kikishika pigo aliloliacha yeye, taratibu, bila kumkimbilia mbele. Na chini ya kidole, karibu kabisa na micro, kile kinasa sauti, sauti ya Ngeleka ilinong'ona: "Moja, mbili, polepole, Numbi. Niko. Moja, mbili." Kidole kikaendelea hadi gitaa la kushoto lilipojikuta tena. Kisha kikanyamaza.

Akarudisha kaseti. Akaweka wimbo mwingine, na mwingine. Kila wimbo, kila mahali alipoanguka, yule mtu alikuwa amerudi nyuma peke yake siku ya kazi, akakaa hapo na kumngojea. Miaka miwili, na hakusema neno, hakutaka hata ashukuriwe.

Numbi alilia kwa sauti, mtu mzima, casque kichwani. Halafu akachomoa plagi, bila kuvuta waya, akaitia casque ndani ya foronya, akatoka bila hata kufunga mlango.

Kwenye kizuizi vijana walikuwa watatu, wamekaa juu ya matairi. Mmoja aliitoa casque, akaivaa, akawachekesha wenzake kwa kucheza mabega.

"Iko ya nani?"

Numbi akamjibu: "Ya Ngeleka. Rafiki yangu. Eko ku gare."

Kijana akaivua, akamtupia kifuani. "Peleka. Ukipenda, panda nabo." Na wakarudi kwenye mazungumzo yao. Ilikuwa hivyo tu. Jambo alilolikimbia siku kumi na tisa lilikwisha kabla mtu hajamaliza kuvuta sigara.

Alipokaribia gare aliona kwanza utupu. Majivu ya moto, matambara, kiatu kimoja cha mtoto, maganda ya mihogo. Waliobaki walikuwa wachache, wameketi mbali mbali. Mama Adolphine alikuwa akiosha sufuria zake.

"Treni ilienda jana jioni," alisema bila kungoja kuulizwa. "Mabehewa ya mizigo. Bantu hata juu ya paa."

"Na Ngeleka?"

"Naye, na bibi yake, na batoto." Akajipangusa mikono. "Alikuwa anakaa pale." Alionyesha jiwe lililoelekea barabara, huku reli ikiwa mgongoni. "Kila asubuhi ananawa uso, anakaa pale. Mi nikamwambia, tata, treni itatokea upande ule ingine. Anasema najua."

Numbi alinyoosha foronya kama mtu anayeonyesha hati. "Ilikuwa haiyapona, mama. Sasa imepona. Angalia. Iko kama mupya. Nitatafuta mtu wa kumupelekea Kasai, achomeke mu mashine yake."

"Mashine gani?" Mama Adolphine alimtazama, na hasira aliyokuwa nayo juu yake ikamwisha. "Numbi. Mashine aliuzisha siku ya pili, juu ya dawa ya mutoto. Mi njo nilimutafutia mwenye kununua."

"Siku ya pili?"

"Ya pili."

Numbi akahesabu. Ujumbe wa kwanza ulimfikia siku ya nne. "Sasa casque ilikuwa ya nini?"

"Unaniuliza mi?" alisema mama, kwa upole. "Hakukuwa na kintu ya kuchomekea. Alikuwa anaita weye."

Numbi aliketi juu ya lile jiwe. Kutoka pale barabara ilionekana yote, hadi kwenye kona ya kizuizi. Mtu anayekuja angeonekana mbali sana, angeweza kutambuliwa kwa mwendo wake, na kama ni mrefu ndiyo kabisa. Alikaa hadi mama alipomaliza kufunga beseni lake, akamgusa bega, akamwambia waende.

Barua hazikufika wala hazikutoka miaka ile. Alituma salamu kwa kila aliyesafiri, akapata majibu yanayopingana: wako Mwene-Ditu, hapana, wako Kananga, hapana, mtoto mmoja alifia njiani. Hakujua aamini lipi.

Casque anayo hadi leo, na ukimtembelea atakuonyesha. Inalala ndani ya foronya, waya umekunjwa bila kubanwa, jasho linafutwa. Jioni hukaa kwenye benchi nyumbani kwake, upande wa kushoto wa benchi, hutia wimbo wao wa mwisho, huvaa kikombe kimoja tu na kile kingine hukigeuza nje, na hapo mahali pake pabaya pakifika yeye mwenyewe hugonga ubao kwa kidole gumba. Kitambaa cha kikombe cha kushoto amekibadilisha mara nne. Cha kuume bado ni kilekile cha koti la Jumapili, na hakijaanza hata kuchakaa.