Dakika Tatu za Haboba Jokudu

Mimi si mtu wa kulia hadharani, na walimu wanaojifanya kuumizwa na kila jambo hunichefua. Kwa hiyo nitaeleza nilichofanya bila kuzungukazunguka, halafu kila mtu aniite jina analotaka.

Naitwa Afedra. Ni Mlugbara wa Arua, na ninafundisha darasa la tano katika shule ya msingi huku Lobule, ambako karibu wanafunzi wote ni Wakakwa, wale wa hapahapa Koboko na wale waliokimbia kutoka Sudan Kusini. Kikakwa sikijui. Miaka minne nimekaa hapa, na ninachoweza ni kusalimia na kununua kuku. Kila mwaka nilijiambia kwamba uhamisho wangu unakuja, sasa nijifunze lugha ya nini?

Muhula wa pili mradi mmoja ulituita Arua kwa semina ya siku tatu. Tulikula vizuri, tukapigwa picha, na kila mwalimu akarudi na simu moja na karatasi ya masharti. Watoto watengeneze video kuhusu kazi ya mikono inayofanywa nyumbani kwao. Dakika tatu, isizidi. Maelezo kwa Kiingereza. Kelele zisisikike. Mikono ionyeshwe kwa karibu. Video bora zingeonyeshwa Arua mbele ya wageni, na mimi nilishajiona nimesimama pale na shati lililopigwa pasi, wakubwa wakiulizana huyu mwalimu mzuri amefichwa wapi siku zote hizi.

Wanafunzi wangu wako themanini na sita na simu ilikuwa moja. Niligawa makundi, nikawafundisha nilivyofundishwa. Sheria moja niliirudia kila siku mpaka wakaiimba: mwenye kushika simu asisikilize maneno. Ukisikiliza utacheka, ukicheka mkono utatikisika. Tazama picha tu, na zile namba za sekunde.

Suzan alikuwa na miaka kumi na mmoja na mkono wake haukutikisika kabisa. Alikaa na bibi yake, wawili tu, katika nyumba ya tope upande wa wakimbizi. Watoto wa huko humwita bibi haboba, na huyu alikuwa Haboba Jokudu. Mwanamke mkavu, mfupi wa maneno. Ofisi ya kambi ilimwuliza mara tatu, mtoto huyu ana nani mwingine, maana wewe umezeeka. Mara zote tatu alijibu, "Iko na Mungu." Majirani nao hawakujua zaidi ya hapo. Alivuka mpaka na mjukuu mgongoni na jiwe dogo la kusagia mkononi, na habari za nyuma alizifungia huko nyuma.

Kundi la Suzan lilichagua kumrekodi Haboba akisaga simsim, yaani ufuta. Mara ya kwanza wenzake walicheka, ikaharibika. Nikaamuru wengine wote wakasimame barabarani kuzuia mbuzi na pikipiki, abaki Suzan peke yake na bibi. Mimi nilikaa shuleni nikisahihisha madaftari.

Alirudi na dakika kumi na moja. Niliitazama video nzima mara moja tu. Haboba amepiga magoti, jiwe linakwenda na kurudi, na anaongea. Yule mwanamke wa maneno mawili anaongea bila kukoma, kwa Kikakwa, macho kwenye simsim. Mara nyingine anatulia, anakusanya simsim iliyosagika kwa kiganja, anaendelea.

"Anasema nini?" nilimwuliza Suzan.

"Sijui, mwalimu. Mimi nilikuwa natazama mkono, vile ulisema."

"Vizuri sana," nikamwambia. Nilimsifu mbele ya darasa zima. Darasa la watoto themanini na sita, na zaidi ya themanini kati yao wangeweza kunitafsiria kila neno. Sikumwuliza hata mmoja. Kwangu mimi ile ilikuwa kelele, na masharti yalisema kelele zisisikike.

Kesho yake nilikaa naye tukakata. Nilimwonyesha jinsi ya kuondoa sehemu zenye uso na kubakiza mikono, kwa sababu Arua walipenda mikono. Nikafuta sauti yote. Suzan akaandika maelezo ya Kiingereza, akayasoma mara saba mpaka yakatoka safi, nikamwambia, tunaweka sauti yako juu ya ile ya bibi. Dakika tatu kamili. Ilikuwa nzuri, siwezi kukataa, na nilijivuna.

Simu ilikuwa imejaa. Kundi lililochagua wafyatua matofali lilikuwa linangoja mlangoni. Suzan akasimama kando ya meza yangu na hakuondoka.

"Mwalimu, ile ndefu utaweka? Haboba alisema iwekwe."

"Haboba si yupo? Tutarudi kumrekodi tena, siku nyingi tu."

Nikaifuta mbele yake. Nafasi haikurudi, kwa hiyo nikafungua na kile kikapu cha taka cha simu, nikakimwaga pia. Dakika moja haikuisha.

Arua walipiga makofi. Nilipewa cheti chenye jina langu, limeandikwa vizuri. Suzan alipewa begi la shule.

Siku tisa baadaye Haboba Jokudu alianguka ghafla asubuhi akiteka maji kisimani. Walimpakia kwenye pikipiki kumpeleka Koboko, mtu mmoja nyuma akimshikilia, na kabla hawajafika walisimama, wakageuza. Sikuwa na kipindi mchana ule. Nilienda na wanafunzi wachache na sanduku la rambirambi la shule.

Kaburi lilikuwa tayari. Huku hawamfukii mwanamke kimyakimya kama mtu aliyeokotwa. Lazima mtu asimame aseme huyu ni binti wa nani, wa ukoo gani, kaka zake ni akina nani na wako wapi, ili habari ipelekwe kwao. Mzee Lodu, mwenyekiti wa bloku ile ya kambi, alisimama akauliza, kwanza kwa Kikakwa, kisha akatugeukia sisi wengine.

"Nani najua watu ya huyu mama? Ndugu yake iko? Sisi hatuwezi kuzika mutu bila jina ya kwao. Na huyu mtoto ataenda kwa nani? Gari ya ofisi inakuja Jumatatu. Kama hakuna mutu yake, watamupeleka kambi ingine, kwa watoto ya kukosa watu."

 Kisha Suzan, aliyekuwa amekaa chini karibu na mwili, akainua uso. Alikuwa ametulia kabisa. Alikuwa na uhakika.

"Haboba alisema yote kwa simu. Aliniambia nyumbani jioni, mimi nimesema mule kwa sababu wewe utasahau, lakini simu haisahau. Majina ya ndugu yake na pahali wanakaa. Mwalimu iko nayo."

Nilisikia wanawake wakishusha pumzi. Mmoja alisema, "Mungu asante." Mzee Lodu akanijia mkono umenyooka, uso wake umefunguka kwa furaha. Ningeweza kusema palepale. Neno lilikuwa moja tu: nimeifuta. Mimi nilitoa simu mfukoni. Nilikuwa mwoga, hakuna jina lingine.

Niliwasha video. Walisogea, vichwa vikagusana juu ya kioo kile kidogo. Haboba akapiga magoti, jiwe likaenda, na sauti ya Suzan ikaanza kueleza kwa Kiingereza kwamba simsim ni zao muhimu na lina mafuta mengi. Watu walingoja. Walidhani huo ni utangulizi.

Sehemu moja uso ulibaki, sekunde kama nane, mdomo unacheza. Mwanamke mmoja, Mama Jovia wa nyumba ya jirani, akashika mkono wangu.

"Rudisha. Hapo yeye nasema jina."

Nikarudisha. Walimtazama mdomo. Mmoja alisema Tongun. Mwingine akasema hapana, huo si mdomo wa Tongun. Nikarudisha tena, mara ya tano, mara ya sita, na kila mara baada ya sekunde nane ilikuja mikono, mikono mizuri ya karibu, na mtoto anatangaza mafuta ya simsim.

"Ile ingine iko wapi?" Mzee Lodu aliuliza.

"Haipo, mzee. Niliifuta."

Hakunitukana. Laiti angenitukana. Alirudi kaburini, akasema kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie, "Tunazika mama moja, jina yake Jokudu. Kwao hatujui." Vijana wakashika majembe.

Suzan alikuja pale nilipokuwa nimesimama. Nilidhani anakuja kulia, au kunipiga, na ningefurahi kwa lolote kati ya hayo. Alinivuta shati.

"Mwalimu, sauti yangu izime. Ile ya haboba iko chini yake."

"Suzan."

"Wewe ulisema tunaweka yangu juu ya yake. Mwalimu, toa yangu."

Nilifungua ile programu ya kukata video. Nikagusa sauti yake, nikaizima, kama nilivyomfundisha mwenyewe. Akachukua simu kwa mikono miwili, ile mikono isiyotikisika, akaibana sikioni, akafumba macho ili asikie vizuri.

Dakika tatu za kimya zilikwisha. Akaniomba nianze tena.