Mama Akae Upande Gani

Bi Ghaya alipoteleza bafuni na kuvunjika mkono wa kushoto, binti zake wawili walikubaliana jambo moja tu: hawezi tena kuishi peke yake katika ile nyumba ya udongo ya Hamasa. Baada ya hapo hawakukubaliana tena.

Zuweina, mkubwa, alikaa Buraimi, upande wa Oman, mwendo wa dakika saba kwa gari kutoka kwa mama. Nasra, mdogo wake, aliolewa na Ghanim huko Al Ain, upande wa Imarati, yaani Falme za Kiarabu. Ukiangalia kutoka juu ya paa, mji ni mmoja. Mitende ni ileile na vumbi ni lilelile. Katikati ndipo ulipo uzio na kituo cha ukaguzi, na foleni ya magari ya wanaokuja kununua samaki na kushonesha nguo kwa bei ya Oman, na ya wanaokwenda kutembea kwenye maduka yenye baridi ya Al Ain.

Zuweina alikuwa na stashahada ya famasia na miaka kumi na tisa nyuma ya dirisha la dawa la kituo cha afya. Hakupenda maneno ya hewani. Tayari alishanunua kitanda kifupi cha mama, na fundi alishafunga vyuma vya kujishikilia bafuni. Ijumaa ile Nasra alipokuja kula mchana, alimkuta dada yake ana karatasi yenye mstari katikati. Kulia kaandika Oman, kushoto Imarati.

“Tuanze na hospitali,” alisema Zuweina, huku anawagawia nyama kwenye sinia.

“Kwetu daktari anakuja mpaka nyumbani,” alisema Nasra. “Unapiga simu tu.”

“Daktari wa wapi?”

“Mjerumani, nadhani.”

“Na mama atamwambiaje Mjerumani kwamba tumbo limemjaa? Kwa ishara? Hapa nesi ni mtoto wa jirani yake, wanajuana tangu hajaota meno.”

“Nani hajaota meno, mama au nesi?” aliuliza Hilal, mume wa Zuweina.

“Wewe kula.”

Hilal alikula. Alikuwa na gari la kusambaza maji, analiendesha mwenyewe, na alishazoea kuambiwa ale.

“Andika umeme,” alisema Nasra. “Kwangu kiyoyozi kinawaka toka asubuhi mpaka asubuhi na hakuna anayekiwaza. Hapa ukitoka chumbani kwenda chooni, unazima.”

“Kuzima ni adabu.”

“Andika nyumba. Serikali imetupa kiwanja na imetujengea. Vyumba kumi na viwili.”

“Naandika. Na nyie mko wangapi?”

Nasra aliharakia mstari mwingine. “Andika mshahara wa Ghanim.”

“Mshahara naujua, ni mara tatu ya anachoingiza huyu. Kazi yenyewe ndiyo siijui.”

“Ana ofisi Abu Dhabi!”

“Ofisi naijua pia. Nauliza kazi.”

Hilal alikohoa kuficha kicheko. Nasra naye akacheka, ingawa hakutaka.

“Haya, watu,” aliendelea Zuweina. “Mtaani kwenu ukigonga mlango anafungua Mfilipino. Ukigonga wa pili anafungua Mhabeshi. Mwenye nyumba ataonekana Idi. Hapa muuza samaki ni Mwomani, dereva wa teksi ni Mwomani, wa benki ni Mwomani. Mama akipotea njia atarudishwa na mtu anayemjua baba yake.”

“Na hapa kwenu hata kugonga hamgongi! Safari ile nilitoka kuoga nikamkuta jirani yako amekaa kitandani kwangu, anachambua mchele.”

“Alikuwa anakusaidia.”

“Nilikuwa na taulo, Zuweina!”

Bi Ghaya alikuwa palepale kwenye sinia, mkono wa plasta umelala juu ya mto, mkono mzima unafinyanga wali.

“Mimi nilikuwa msichana nafua kwenye mfereji wa upande ule na kuanika upande huu,” alisema. “Hakuna aliyeniuliza kadi. Leo mwanangu mmoja yuko nchi nyingine, na wote wawili wanagombea bibi kizee kama mnada wa ngamia. Mimi nimeulizwa?”

“Tutakuuliza, mama,” alisema Zuweina. “Ngoja tumalize.”

Karatasi ilipojaa, Oman ilikuwa imeshinda. Kalamu ilikuwa mkononi mwa Zuweina, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Nasra alivaa buibui lake, akambusu mama kichwani mara mbili, akaondoka na macho mekundu. Zuweina alimwonea huruma. Lakini tangu aolewe, miaka ishirini na miwili, haikupita wiki hajauona uso wa mama yake, na hakuwa tayari kuanza sasa.

Jumamosi alasiri, shemeji Ghanim alifika bila kupiga simu. Alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, na kamleta baba yake mdogo, Mzee Musabbih, mwenye ndevu zilizopakwa hina. Zuweina alipomwona yule mzee alijua hii si ziara ya kuulizana hali.

Walikaa sebuleni. Tende zikaliwa, habari za mvua zikaulizwa, za miguu ya Mzee Musabbih zikajibiwa kwa kirefu. Hilal akainua dele, akamimina kahawa. Mzee Musabbih akanywa. Ghanim akapokea kikombe chake kwa mkono wa kulia, akakiweka chini mbele ya goti lake, kikiwa hivyohivyo, hakijaguswa.

Hilal akabaki na dele hewani.

Kila mtu mle ndani alijua maana yake. Mgeni asiyegusa kahawa ana haja, na hatakunywa mpaka mwenye nyumba amwambie ameipata. Kumwacha mgeni aondoke na kikombe kimejaa ni aibu itakayosimuliwa pande zote mbili za uzio mpaka wajukuu waisikie.

Zuweina alimtazama mumewe, akaona rangi imemtoka. Akaelewa mara moja. Samha! Ghanim alikuwa na mwaka mzima anamwandama Hilal amuuzie Samha, ngamia wake mtamba mwenye mbio, na Hilal alikuwa na mwaka mzima anakwepa. Zuweina yeye alikuwa na mwaka mzima anatamani mnyama yule aende. Alikuwa anakula majani kuliko familia nzima, na Hilal alimsemesha kwa sauti ambayo hajawahi kumsemesha mkewe.

Hilal alifungua mdomo polepole. “Shemeji, haja yako ni—”

“Kunywa, shemeji!” Zuweina alimkata. “Kunywa kahawa yako. Ulichokijia umekipata.”

“Wallahi?” aliuliza Ghanim.

“Wallahi.”

“Umesikia, baba?” Ghanim alimgeukia mzee.

“Nimesikia,” alisema Mzee Musabbih. “Masikio ndiyo yaliyobaki mazima.”

Ghanim alikunywa, tena taratibu mpaka tone la mwisho. Akatikisa kikombe kuonyesha ameshiba, akamrudishia Hilal. Kisha akainamisha kichwa.

“Mungu awazidishie. Nimekuja kumwomba mama yetu aje akae kwangu na Nasra. Nitamtunza kama aliyenizaa.”

Zuweina aliketi kama aliyemwagiwa ndoo ya maji. Hilal, ambaye ngamia wake amebaki, hakujua aweke wapi uso wake.

“Si ngamia?” ndilo neno pekee lililomtoka Zuweina.

“Ngamia gani?” aliuliza Mzee Musabbih.

Zuweina hata kiatu kimoja hakukivaa vizuri. Aliendesha mpaka Hamasa akiwa na vazi la nyumbani ndani ya buibui, na maneno aliyoyapanga njiani yangejaza karatasi nyingine. Alimkuta Bi Ghaya bandani, anawatupia mbuzi wake wawili maganda ya tikiti kwa mkono mmoja. Hata salamu hazijatolewa, mama akauliza:

“Ghanim amekunywa?”

Zuweina alisimama mlangoni mwa banda.

“Mama! Ulijua?”

“Nilimtuma mimi. Nikamwambia aweke kikombe chini wewe ukiwepo, asiseme kitu. Angeongea na Hilal, Hilal angeuliza haja ni nini, maana Hilal ana subira. Wewe toka utotoni unajibu swali lisiloulizwa.”

“Nimekukosea nini, mama? Kitanda nimenunua. Vyuma nimefunga. Nimekosa wapi?”

“Hukukosa popote. Shika huyu, anataka kula buibui lako.”

Zuweina alimsukuma mbuzi. Bi Ghaya akaketi juu ya gogo la mtende, akapumzisha plasta mapajani.

“Karatasi yako ni ya kweli tupu,” alisema. “Kwako kuna nesi, kuna majirani, kuna watoto wanaoingia na kutoka. Nitakuwa mtu wa saba kwenye sinia, na nitafurahi. Lakini mwezi uliopita nililala kwa Nasra siku nne. Ghanim yuko Abu Dhabi hadi mwisho wa wiki, vijana wake wako jeshini. Asubuhi nikamkuta Nasra nje na mtunza bustani, anamweleza namna mvua ilivyonyesha siku ya harusi yako. Anaeleza na mikono. Yule kijana Kiarabu hajui, anamwitikia tu, ‘Vizuri, mama, vizuri.’ Mwanangu alikuwa anaongea ili asikie sauti ya mtu.”

Zuweina alimsukuma mbuzi tena.

“Ana baridi, ana marumaru, ana gari refu kama treni. Hana wa kumgombeza. Mtu asiyegombezwa na yeyote ananyauka, Zuweina.”

“Na mimi?” Sauti ilitoka ndogo, hakuitambua kuwa yake.

“Wewe utakuja. Wewe ukimtaka mtu, uzio utakufanya nini? Lakini nikikaa kwako, Nasra hatakuja. Atakuja mara mbili tatu, halafu atatuma dereva na kikapu cha matunda. Namjua. Anaogopa kusumbua.”

“Nikimwomba Ghanim anifungue kwenye neno langu, atanifungua.”

“Atakufungua. Ni muungwana yule. Gari lako liko pale, nenda kamwambie.”

Bi Ghaya aliokota ganda jingine, akamrushia mbuzi mdogo. Hakumtazama binti yake. Zuweina alisimama akitazama ukuta wa udongo, mahali walipokuwa wakipimwa urefu kwa makaa, mstari wa Nasra chini ya wake kila mwaka. Alivuta pumzi, akapangusa pua kwa ncha ya buibui.

“Dawa zako za presha umeziweka wapi?” aliuliza.

“Kwenye kopo la kahawa.”

“Kwa nini kwenye kopo la kahawa? Ndiyo maana unazisahau. Inuka tupange vitu.”

Walivuka siku ya Jumatatu. Mbuzi walibaki kwa Zuweina, maana mnyama kuvuka anahitaji cheti cha daktari wa mifugo, na Bi Ghaya alilichukulia hilo kama tusi la kibinafsi. Kituoni, askari kijana wa Imarati aliangalia kadi zao akauliza wanaelekea wapi.

“Kwa mwanangu,” alisema Bi Ghaya. “Mama yako anakaa wapi, wewe?”

“Fujaira, bibi.”

“Umempigia lini?”

Askari alitazama nyuma kama anatafuta mkubwa wake. “Wiki iliyopita.”

“Mpigie leo. Haya, tufungulie.”

Kwa Nasra wote walikuwa wamesimama mlangoni: Nasra, wasichana wawili wa kazi, dereva, na mtunza bustani yule. Nasra alitaka kulia, Zuweina akamwahi.

“Acha kulia, chukua kalamu. Kidonge cheupe asubuhi kabla ya chakula. Cha manjano usiku. Chumvi hapana, akikuomba mwambie nimekataza mimi. Kiyoyozi kisimpige mgongoni. Plasta inatolewa tarehe kumi na nane, nitakuja kumchukua, sitaki Mjerumani amguse.”

“Sawa, dada.”

“Usiseme sawa. Andika.”

Nasra aliandika kiganjani. Bi Ghaya alikuwa ameshapita sebule mbili bila kuzitazama, akaingia jikoni. Walisikia viti vinaburutwa, kisha sauti yake inamwambia msichana wa Kifilipino alete godoro lile hapa, ndiyo hapa, karibu na jiko, vyumba vya kule alale nani, majini?

“Kaa ule na sisi,” alisema Nasra.

“Siwezi. Saa hizi foleni inajaa.”

“Nasra!” Sauti ya Bi Ghaya iliita kutoka ndani. “Nani amepika chai hii? Umefundishwa na nani kuweka iliki namna hii? Njoo hapa!”

“Nakuja, mama!”

Na Nasra akakimbia. Mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mama wa wanajeshi wawili, alikunja buibui lake mpaka magotini akakimbia juu ya marumaru kama mtoto aliyesikia kengele ya kutoka shule. Jikoni kukaanza ubishi. Mama anasema iliki ni nyingi, Nasra anasema wewe ndiye uliyenifundisha, mama anasema mimi sijafundisha uchafu huu, msichana wa Kifilipino anacheka.

Zuweina alikuwa ameshika ufunguo wa gari, mkoba begani. Kule mpakani foleni ilikuwa inazidi kurefuka, na kazini alikuwa ameomba ruhusa ya muda wa saa tatu tu. Aliegemea mlango, akasikiliza, wala hakusogea.